Kadi ya maegesho ya mama si mali ya ukoo: tuzungumze ukweli kuhusu Blue Badge

Mjomba wa Leicester (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, jambo hili limenikaa kooni.

Niko Uingereza, Leicester, mwaka wa 14 sasa. Naishi na mama yangu mzazi. Alipata kiharusi, mguu wa kushoto ukabaki mzito, na kabla ya hapo baridi yabisi ilikwisha kumla magoti yote mawili. Ana Blue Badge, ile kadi ya bluu ya maegesho wanayopewa watu wenye ulemavu. Wiki iliyopita mpwa wangu akanipigia: "Mjomba, naomba kadi ya bibi Jumamosi, nina harusi mjini, paki ghali na mvua inanyesha." Nikamwambia haiwezekani. Kufika jioni dada yangu keshanipigia, mama mkubwa keshanipigia, na kwenye kundi la familia la WhatsApp nimekuwa mchoyo, nimekuwa mzungu.

Mimi sikasiriki kwa kuitwa mchoyo. Ninachoona ni kwamba wengi wetu hatujui kadi ile ni ya nini, tunaiona kama tiketi ya bure iliyoangukia nyumba yenye mgonjwa. Hebu niwaonyeshe mama anavyotoka garini.

Mlango lazima ufunguke mpaka mwisho wake. Kwanza anageuka kwenye kiti, anatoa mguu mzima. Kisha anaunyanyua ule mguu mzito kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha mtungi uliojaa maji. Anashika fremu ya mlango, mimi nampa mkongojo, tunasema bismillahi, anasimama. Akishasimama tunangoja kidogo, kwa sababu damu inamwenda mbio na macho yanaingia giza. Kwenye nafasi ya kawaida mlango unafunguka nusu tu kisha unagonga gari la jirani. Ndiyo maana nafasi za walemavu zina ule ukanda wa mistari ya mshazari pembeni, upana wa mita 1.2. Watu wanaegesha pikipiki pale, wanasukumia toroli za dukani pale. Ule ukanda ndio mlango wa mama yangu.

Sasa kuhusu kadi yenyewe. Ilianza na sheria ya mwaka 1970 iliyopelekwa bungeni na Alf Morris, mbunge ambaye baba yake alirudi vitani akiwa na majeraha yaliyomharibia maisha. Kadi zikaanza kutolewa 1971, wakati huo zilikuwa za rangi ya chungwa, na rangi ya bluu ikaja mwaka 2000. Kadi inatolewa kwa MTU. Haitolewi kwa gari. Mama akipanda teksi, akipanda gari la jirani, akipanda gari langu, kadi inakwenda naye. Asipokuwepo safarini, kadi ile haina kazi hata kama gari ni lake. Upande wa nyuma kuna picha yake. Anayeitumia bila yeye anaweza kufikishwa mahakamani na kutozwa faini hadi pauni 1,000, na tangu sheria ya mwaka 2013 mkaguzi wa halmashauri anaweza kuichukua kadi hapo hapo barabarani, bila kungoja polisi. Yaani mpwa wangu angerudi na kipande cha keki ya harusi, na mama yangu angebaki bila kadi.

Mwezi wa pili tulikuwa na miadi ya hospitali. Nafasi zote za walemavu zimejaa. Nimezunguka mara tatu, mama ananiambia "nishushe hapa nitatembea", na mimi najua hawezi. Nikamwona kijana mmoja anatoka kwenye gari lenye kadi, anaruka dimbwi, anakimbia kwenda mlangoni. Tulichelewa, miadi ikasogezwa wiki sita. Kijana yule sijamsahau mpaka leo.

Naomba michango. Na walio Marekani, Kenya na nyumbani Tanzania, kwenu mambo yakoje?

---

Mtu wa Temeke

Mkuu, nakuheshimu, lakini hapa umekaza mno. Ni mtoto wa dada yako, si mtu wa kuja. Ni kwa muda wa saa nne tu, usiku wa harusi. Bibi mwenyewe Jumamosi yuko nyumbani. Kadi haiishi kama vocha ya simu. Sisi tumelelewa kwenye kupeana, leo unamnyima damu yako kitu ambacho hakikupunguzii chochote.

---

Mjomba wa Leicester

@Mtu wa Temeke nashukuru kwa kusema wazi, maana hayo ndiyo maneno ya dada yangu neno kwa neno.

Kadi haiishi, kweli. Nafasi ndiyo inayoisha. Kule mjini palipo na ukumbi kuna nafasi nne za walemavu mtaa mzima. Mpwa wangu akichukua moja, zinabaki tatu, na anayekuja baada yake ni mama wa mtu mwingine. Huyo ndiye ningekuwa namnyima, ila kwa kuwa simjui jina, hanipigii simu jioni kunilaumu.

Na kupeana nakubali. Mpwa nimempa gari langu mara ngapi, nimempa pesa ya kodi ya nyumba. Hivyo ni vyangu. Kadi ni miguu ya mama, mimi sina ruhusa ya kuiazimisha.

---

Mlezi wa Wazee

Asante kwa uzi huu. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, niko Reading. Nina swali ambalo nimeogopa kuuliza kazini. Mzee ninayemhudumia ana kadi, na mara nyingi binti yake anamwacha nyumbani anakwenda kumchukulia dawa au kumnunulia chakula, anaegesha kwa kadi ya baba. Si ni kwa ajili yake? Na je, mzee akikaa garini mimi nikaingia dukani?

---

Mjomba wa Leicester

@Mlezi wa Wazee swali zuri sana dada, na hapa ndipo watu wema wanapokamatwa, si wezi tu.

Dawa za mzee, chakula cha mzee, hata sanda ya mzee: kama mzee mwenyewe hayumo safarini, kadi haitumiki. Unaruhusiwa kuitumia unapompeleka au unapokwenda kumchukua. Kumwendea sokoni haimo.

Mzee kubaki garini wakati wewe unanunua: kukaa ndani ya gari lenye kadi si kosa. Lakini mwongozo unasema manufaa ya kadi ni ya mwenye ulemavu, asikalishwe garini ili mzima apate paki ya karibu. Kama yeye hashuki, tafuta maegesho ya kawaida, uwaachie wanaoshuka.

Na kwa kuwa umeuliza, niongeze haya ambayo yaliniponza mwenyewe mwaka wa kwanza. England na Wales, kwenye mistari ya njano ya kukataza kuegesha, mmoja au miwili, una saa tatu tu, na lazima uweke kile kisaa cha kadibodi cha bluu, mshale uelekezwe kwenye saa uliyofika. Scotland hakuna kikomo hicho. Ukiona vialama vya njano kwenye ukingo wa njia ya miguu, maana yake hairuhusiwi kupakia wala kupakua mizigo, na hapo kadi haikusaidii wakati wa katazo. Maegesho ya supermaketi na hospitali yana utaratibu wao, soma kibao kwanza, usidhani kadi inafuta malipo. Na katikati ya London, halmashauri za Westminster na City zina masharti yao wenyewe, usiende kwa mazoea ya huku.

---

Binti Tanga

Mjomba, shikamoo. Nakubaliana na wewe karibu yote, ila kuna sentensi moja umeandika imenichoma, naomba nikwambie kwa adabu.

Mimi nina miaka 29. Nina selimundu tangu kuzaliwa. Ukiniona utaona msichana mrefu, kajipamba, kavaa viatu vizuri. Huoni kwamba kichwa cha fupa la paja langu la kulia kimekufa kwa kukosa damu, kwa sababu seli zangu zinaziba mishipa. Huoni kwamba baridi ikinipiga tu kati ya gari na mlango naweza kulala wodini siku tano. Kuna asubuhi natembea vizuri kabisa. Kuna asubuhi siwezi kufika chooni. Kadi sikuipata kirahisi, nilifanyiwa tathmini, nilitembezwa mbele ya mtu ananihesabia nyendo na kuniuliza maumivu ni mangapi kwa kumi.

Mwaka jana nilishuka dukani, mama mmoja wa makamo akanifuata na mkoba wake. "Wewe huna haya? Nafasi hizi ni za walemavu." Nikamwonyesha kadi. Akasema ya bibi yako hiyo. Nikaigeuza, nikamwonyesha picha yangu. Akasema basi mmehonga. Nilirudi garini nikalia, sikununua hata mkate. Tangu siku ile kuna wakati nachechemea makusudi nikishuka, ili watu waniache. Niko na maumivu ya kweli halafu naigiza maumivu ya uongo, ili waamini.

Tangu tarehe 30 Agosti 2019, England wanaweza kupata kadi hata wenye ulemavu usioonekana. Mtu mwenye usonji anayeshikwa na hofu kuu akitoka nje, miguu yake ni mizima na anaweza kukimbia, tena huenda anakimbia kwa sababu ya hiyo hofu. Yule kijana aliyeruka dimbwi, Mjomba, unajua nini juu yake?

---

Mjomba wa Leicester

@Binti Tanga marahaba mwanangu. Nimesoma mara tatu.

Sijui chochote juu yake. Nilichokiona ni miguu yake tu. Sikuiona picha, sikuwaona waliomo garini, huenda hata alikuwa anakimbilia kuita kitimwendo cha mtu aliyebaki ndani. Nimembeba rohoni miezi yote hii kama mwizi, na sina ushahidi wowote. Nimekosa, na ile sentensi siifuti ili na wengine waone jibu lako.

Pole sana kwa yule mama. Naomba usichechemee tena kwa ajili ya mtu.

---

Dereva wa Sacramento

Wakuu, huku California kibali si kadi ya dashibodi, kinaning'inizwa kwenye kioo cha ndani. Cha bluu ni cha kudumu, chekundu ni cha muda, kisichozidi miezi sita, mfano mtu aliyevunjika mguu. Na hapa ndipo penye shida: ukiwa nacho, mita za barabarani za kulipia paki ni bure, na unakaa bila kikomo cha muda. Fikiria mtu anayefanya kazi katikati ya mji, paki kwa mwezi ni mamia ya dola. Kile kibali kinakuwa na mshahara wake.

Mwaka 1999 wachezaji kadhaa wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kikuu cha UCLA walishtakiwa kwa kuwa na vibali vya ulemavu wasivyostahili. Vijana wa mbio na misuli! Mwaka 2017 mkaguzi wa hesabu wa jimbo akatoa ripoti: kulikuwa na vibali vya kudumu karibu 26,000 vyenye majina ya watu wa miaka 100 na kuendelea, ilhali jimbo zima lilikadiriwa kuwa na watu kama 8,000 wa umri huo. Maana yake wazee walishakufa na vibali vinaendelea kuegesha magari. Mwaka huo huo sheria ikabadilishwa, sasa kila baada ya miaka sita lazima uombe upya kwa sahihi yako. Faini ya kutumia vibaya ni kati ya dola 250 na 1,000.

Mimi nakubaliana na walichofanya jimbo la Michigan tangu 1995. Kule nafasi ya karibu unapata, lakini mita unalipa kama wengine, isipokuwa yule ambaye mwili wake haumruhusu kabisa kuifikia au kuitumia ile mita. Anayehitaji ukaribu anabaki na ukaribu wake, na anayefuata ubwete hana anachokifuata. Hata mpwa wa mwanzisha uzi alichotaja kwanza ni "paki ghali".

---

Mtu wa Temeke

Hapo kwenye wazee wa miaka mia nimeduwaa. Naendelea kusoma.

---

Wa Kinondoni

Nawasalimu kutoka Dar es Salaam. Ninyi mna shida ya kadi kutumika vibaya. Mimi natumia kitimwendo, naendesha gari lililofungwa vifaa vya mkono, breki na mafuta vyote viko kwenye mkono wa kushoto. Katika miaka yangu yote ya kuendesha hapa mjini hakuna mlinzi aliyewahi kuniuliza kadi. Wanaangalia gari. Gari kubwa jeusi likija, koni inaondolewa mbio. Nikija mimi na kigari changu, naulizwa "bosi, umefuata nini?"

Niwasimulie siku moja. Nilikwenda benki fulani, nikapata nafasi yenye alama ya kiti, nikafurahi. Nikafanya shughuli yangu dakika 20. Kutoka, gari limeegeshwa kwenye ile mistari ya pembeni, limeganda ubavuni mwa mlango wangu. Mtu mzima angepita upande kama karatasi akaingia. Mimi kiti changu kina upana wake, na lazima kikae sambamba na mlango uliofunguka wote ndipo nijihamishe kwa mikono. Nikamwomba mlinzi amtafute mwenye gari. Akaniambia "subiri kidogo, ni mkubwa". Nilikaa juani saa moja na dakika 40. Jua la saa saba. Chuma cha kiti kilikuwa moto, nikavua shati la juu nikalikalia. Watu wanapita wananipa pole, mmoja akaniwekea shilingi mia tano mapajani. Mimi ni mhasibu.

Mwenye gari alipotoka alisema "samahani mzee, nilikuwa nakimbia mara moja".

Tanzania tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa tuliuridhia 2009. Karatasi tunazo. Rangi juu ya lami pia tunazo, siku hizi kila jengo jipya linachora kile kiti. Ninachokihitaji mimi ni mlinzi mmoja anayeruhusiwa kumwambia mkubwa hapana.

---

Binti Tanga

@Wa Kinondoni nimesoma hapo kwenye mia tano nikaweka simu chini. Pole kaka yangu.

---

Mkaazi wa Nakuru

Kwetu Kenya niongeze kidogo tu. Katiba yetu, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote, na mwaka 2025 tumepata sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Lakini ujanja ninaouona huku mkubwa kuliko wa paki ni wa magari ya msamaha wa kodi. Mtu aliyesajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu anaweza kuombewa msamaha wa ushuru akiingiza gari la matumizi yake. Basi anatafutwa binamu mlemavu kijijini, anasaini fomu, gari linakuja, anapigwa nalo picha, kisha halioni tena. Yeye anaendelea kupanda bodaboda na magongo yake mgongoni. Nina jirani wa hivyo. Nilimuuliza kwa nini alikubali, akaniambia walimlipia karo ya mtoto ya muhula mmoja, na hakuna mwingine aliyewahi kumlipia.

---

Mjomba wa Leicester

@Wa Kinondoni, @Mkaazi wa Nakuru, asanteni. Sina la kuongeza kwenye hayo.

Wameniuliza watu wawili inboksi kuhusu kuomba kadi England, nijibu hapa wote wafaidike. Unaomba kwa halmashauri ya unapoishi, ada haizidi pauni 10, Scotland pauni 20, Wales bure. Kwa kawaida inadumu miaka mitatu. Ukiwa unapata PIP, ile posho ya serikali kwa wenye ulemavu, na una alama 8 au zaidi kwenye sehemu ya kutembea, unaipata moja kwa moja. Wengine wanatathminiwa. Kwenye fomu usiandike "anatembea kwa shida", hiyo haimwambii mtu kitu. Sisi safari hii tulipima. Kutoka gari mpaka mlango wa nyumba ni hatua 31 za mama, anasimama mara mbili, ya pili anaegemea ukuta. Tumeandika hivyo hivyo. Mama alinikataza nisiandike ile ya ukuta, anaona aibu. Nikamwambia mama, ukuta ndio ushahidi.

Mpwa naye alienda harusini, akalipa paki pauni 9. Bado hajanipigia. Nitamtafuta mimi, ni mtoto wetu.

---

Mpita Njia

Habari zenu. Nimesoma kimya tangu juzi, nimejisajili leo ili niulize. Baba yetu alifariki wiki tano zilizopita, tuko Birmingham. Kadi yake bado iko kwenye gari na tarehe yake ni ya mwakani. Kaka yangu anasema tuiache, haidhuru mtu. Kusema kweli niliitumia mara moja siku ya kwenda kuchukua cheti cha kifo, nilikuwa nimechoka sana. Nifanye nini?

---

Mjomba wa Leicester

@Mpita Njia poleni sana, Mungu amrehemu mzee. Siku ya cheti cha kifo hakuna mwenye akili zake, usijitese.

Kadi irudisheni halmashauri iliyoitoa. Mliposajili kifo yawezekana mlipewa namba ya huduma ya serikali iitwayo Tell Us Once. Ukiitumia hiyo inaiarifu halmashauri pia, kadi inafutwa. Halafu iweke kwenye bahasha uitume au uipeleke mkononi. Usiiache garini hata siku moja zaidi, kwa sababu ikikaguliwa wataiona ni ya marehemu, na hilo kosa litakuangukia wewe uliye kwenye usukani. Kaka yako mweleze taratibu, na yeye amefiwa.

---

Mpita Njia

Nashukuru. Nimetoka nje sasa hivi nimeitoa, ipo kwenye bahasha hapa mezani. Kile kisaa chake kilikuwa chini yake, sikujua kama nacho kinarudishwa. Mshale uko saa tano na nusu. Ile siku tulikwenda wote kununua mbegu za bustani yake, alikielekeza mwenyewe.

---

Mjomba wa Leicester

Kisaa kaa nacho, ndugu yangu. Rudisha kadi tu.